Tone la maji haligandishwi na shata

Wengi huamini kwamba ili kunasa tone la maji likiruka ni lazima uwe na kamera ya bei kali yenye shata (pazia linalofunguka kuruhusu mwanga uingie) ya kasi ajabu. Sivyo. Kinacholigandisha tone ni mwanga wa flashi.

Piga hesabu. Tone linaloanguka kutoka sentimita 40 hufika chini likienda karibu mita 2.8 kwa sekunde. Shata ikifunguka kwa 1/200 ya sekunde, tone husogea milimita 14, na ukitegemea taa ya chumba utapata ukungu mtupu. Lakini flashi ya kuchomeka juu ya kamera, ukiipunguza nguvu hadi 1/32 ya nguvu yake yote, humulika kwa takriban 1/20,000 ya sekunde tu. Hapo tone halisogei hata robo ya milimita. Hapa ndipo watu hukosea: huipandisha nguvu hadi mwisho, kumbe kuipunguza ndiko kunakofupisha mmweko. (Taa ya simu haifai, huwaka muda mrefu mno.)

Fifisha taa, shika kalamu pale tone linapotua, rekebisha fokasi kwa mkono juu yake, kisha ondoa kalamu. Picha nyingi zitakosa. Ile itakayopata itakuonyesha taji la maji, na kwenye ncha zake vijitone vilivyobeba taswira ya kitambaa ulichotundika nyuma, ikiwa juu chini.