Programu za biti 32 kwenye mashine za biti 64: maneno ya mtaani na ukweli wake

Wadau wa Mbeya, Iringa, Njombe na huku juu kote, kuna maneno yanazunguka sana kwa mafundi kompyuta na yanawatia watu hasara. Tangu Microsoft wafunge huduma ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025 watu wengi wanahamia mashine mpya, sasa mama mwenye duka la pembejeo Uyole au mzee mwenye mbao Mafinga ana programu yake ya stoo ya zamani ya biti 32 (biti 32 au 64 ni ukubwa wa namba na anwani za memori ambazo prosesa inashika kwa mkupuo), madeni ya wateja yote yamo humo, anafika kwa fundi anaambiwa "hii haipandi tena mama, nunua nyingine". Mara nyingi sio kweli, na inaniuma kwa sababu huyo mama akinunua nyingine anaanza kuingiza madeni upya kwa mkono.

Dhana: kerneli ya biti 64, yaani ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo inayoshika memori na vifaa, haiendeshi programu ya biti 32.
Inaendesha, na ilipangwa hivyo tangu mwanzo. AMD walipotoa prosesa ya Opteron mwaka 2003 walihakikisha kodi ya biti 32 (maagizo ya programu) inapita humo humo moja kwa moja, Intel nao wakafuata njia hiyo. Hata Windows 11, ambayo haina kabisa toleo la biti 32, programu za biti 32 inaziendesha.

Kazi iko kwenye kerneli. Programu ikitaka kufungua faili haifungui yenyewe, inaiomba kerneli, na ombi la programu ya biti 32 linabeba anwani za baiti 4 wakati kerneli yenyewe inafanya kazi na anwani za baiti 8. Kwa hiyo lazima kuwe na tabaka la katikati la kubadilisha. Kwenye Windows linaitwa WOW64, kwenye Linux kerneli yenyewe ina mlango wa pili kwa ajili ya maombi haya. Na sio kuongeza sifuri tu mbele ya namba basi kwisha, maana kwenye Linux ya Intel ya biti 32 namba ya baiti 8 inaruhusiwa kukaa kwenye nafasi yoyote inayogawanyika kwa 4, ila kwenye biti 64 inataka nafasi inayogawanyika kwa 8, matokeo yake kundi lile lile la data linakuwa na urefu tofauti pande mbili. Aliyeandika draiva (programu ndogo inayoongoza kifaa) asipolikumbuka hilo, programu inatuma kitu sahihi na kerneli inasoma kitu kingine. Ndio maana unaweza kukuta programu inafunguka vizuri kabisa halafu inakwama pale tu inapogusa kifaa fulani.

Dhana: itakuwa nzito kwa sababu inaigizwa, yaani maagizo yake yanatafsiriwa kwanza na programu nyingine.
Kwenye mashine za Intel na AMD hakuna kuigiza, prosesa inaisoma kodi yenyewe, kinachobadilishwa ni yale maombi ya mlangoni tu. Kuigiza kupo kwenye Windows ya prosesa za ARM, hilo ni jambo lingine. Tena kuna programu zinapata nafuu: programu ya biti 32 iliyotengenezwa kukubali memori kubwa inapata hadi GB 4 kwenye Windows ya biti 64, wakati kwa kawaida kwenye ile ya biti 32 iliishia GB 2.

Dhana: folda ya SysWOW64 ni takataka, futa upate nafasi.
Jamani usifute! Majina yamekaa kinyume: System32 ndiyo yenye vitu vya biti 64, na SysWOW64 ndiyo yenye vitu vya biti 32. Ukiifuta, programu ya stoo imeondoka nayo. Na hapa ndipo wengi wanapokwama kwenye databesi, fundi anatengeneza muunganiko wa ODBC (njia ya Windows ya kuunganisha programu na databesi), anauona kwa macho yake uko pale, programu inasema haupo, wanabishana na mashine mpaka jioni. Kumbe ametengeneza upande wa biti 64 na programu inatazama upande wa biti 32. Fungua C:\Windows\SysWOW64\odbcad32.exe, tengeneza humo. Faili la biti 64 nalo linaitwa odbcad32.exe hivyo hivyo, kwa hiyo angalia folda, jina lisikudanganye.

Dhana: kama programu imekubali basi na draiva yake ya zamani itakubali.
Hapana, hapa hakuna ujanja. Draiva inaingia ndani ya kerneli yenyewe, kwa hiyo kerneli ya biti 64 inataka draiva ya biti 64. Programu zinazolindwa na kile kidude cha kuchomeka nyuma ya mashine huwa zinafia hapa, kwa hiyo kabla hujaiacha mashine ya zamani ulizia kwanza kama waliotengeneza wana draiva mpya. Printa ni afadhali kidogo, programu ya biti 32 inachapa kupitia draiva ya biti 64, na ile splwow64.exe unayoiona kwenye Task Manager ndiyo inayofanya kazi hiyo, sio virusi.

Dhana: basi hata zile za DOS zitapanda.
Hizo ni biti 16. Prosesa ikiwa kwenye hali ya biti 64 ile njia iliyokuwa inatumika kuendesha DOS haipo, na Windows ya biti 64 haiji na NTVDM, ile sehemu iliyokuwa inaendesha programu za DOS. Tumia DOSBox, yenyewe inaigiza mashine nzima. Mtego mwingine: kuna programu za biti 32 ambazo setapu yake ni ya biti 16, inagoma kuingia na watu wanailaumu programu yenyewe.

Kwa wanaotumia Linux, ukiendesha programu ya biti 32 ukapata "No such file or directory" na faili unaliona liko hapo, mara nyingi kinachokosekana ni kipakizi chake cha biti 32, yaani kile kinachoiingiza programu kwenye memori ianze kazi. Kwenye Debian piga dpkg --add-architecture i386, halafu apt update, halafu apt install libc6:i386. Debian 13 ya mwaka 2025 imeacha kerneli na setapu za biti 32 ila vifurushi hivi wameviacha kwa kazi hii hii. Ubuntu nao mwaka 2019 walitangaza kuviondoa, watu wa Wine (programu ya kuendesha programu za Windows kwenye Linux) na Valve (wenye duka la magemu la Steam) wakapiga kelele, wakarudisha vinavyohitajika. Mac ndio wamefunga kweli, kuanzia toleo la macOS la Catalina la 2019 programu za biti 32 hazifunguki.

Dhana: nikiwa na kerneli ya biti 64, tatizo la 2038 (hesabu ya sekunde kujaa na tarehe kurudi nyuma) halinihusu.
Kama programu yako yenyewe inahesabu muda kwa sekunde kwenye baiti 4, kikomo chake ni Jumanne tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa zetu, na kerneli haiwezi kuingia ndani ya programu ikarekebisha. Na usiseme bado mbali. Mkopo wa miaka 15 uliotolewa 2024 unaisha 2039, kwa hiyo programu ya namna hiyo ya kikundi cha akiba na mikopo inaweza kuandika tarehe ya ajabu leo leo. Ijaribu: ingiza mkopo wa uongo unaoisha 2040 uone inatoa nini. Ikitoa mwaka 1901 au 1904, toa data zote kwenda CSV (faili la maandishi la jedwali, linafunguka hata kwenye Excel) wakati bado inafunguka, hesabu mistari ilingane na iliyoko kwenye programu, ndio uanze kutafuta nyingine.