Ushindani usio wa haki: duka la mbizi lenye leseni na muuzaji wa nyumbani

Ushindani usio wa haki ni kujipatia wateja kwa njia inayokiuka uaminifu wa biashara. Mzizi wa maana hiyo uko katika Mkataba wa Paris wa 1883 wa kulinda mali ya viwanda. Kifungu chake cha 10bis, kilichoingizwa baadaye, kinataja aina tatu za vitendo hivyo: kumchanganya mteja asijue bidhaa au biashara ni ya nani, kumchafulia mshindani jina kwa maneno ya uongo, na kumpotosha mnunuzi kuhusu sifa za bidhaa au kufaa kwake kwa kazi iliyokusudiwa. Baadhi ya nchi zimekwenda mbele zaidi. Ujerumani, kwa mfano, inahesabu pia kuwa ni ushindani usio wa haki kuvunja sheria iliyowekwa kusimamia mwenendo wa soko.

Katika biashara ya vifaa vya kupiga mbizi neno hili hutajwa kila siku, na mara nyingi hutajwa vibaya. Mwenye duka analipa pango, leseni, kodi, bima na mshahara wa fundi. Mtaa wa pili kuna mtu anauza miwani, mapezi na regulata (kifaa cha kuvutia hewa kutoka mtungini) kutoka sebuleni kwake kwa bei ya chini kabisa. Mwenye duka anasema anachezewa rafu. Huenda ni kweli, huenda si kweli, kwa sababu bei ndogo peke yake si kosa, na kuuzia nyumbani si kosa pia. Mpiga mbizi anayeuza jaketi lake la zamani la kuelea hafanyi biashara. Anapunguza vitu kabatini. Aliyejisajili, anayelipa kodi na kutoa risiti huku akifanyia kazi nyumbani, ameokoa pango tu. Hiyo ni akili ya biashara, na duka halina haki ya kumlalamikia.

Kuna jambo jingine linalowauma wenye maduka. Mteja anaingia, anajaribu miwani mpaka apate isiyovujisha maji, anaelezwa tofauti ya regulata hii na ile, anashukuru na kuondoka. Kesho yake ananunua kwa muuzaji wa nyumbani ambaye hakutoa hata dakika moja ya ushauri. Mwanauchumi Lester Telser aliueleza mdandio huu, yaani kufaidi huduma ya duka bila kuilipia, mwaka 1960 alipotaka kujua kwa nini viwanda hupenda kuweka bei ya chini kabisa ambayo muuzaji asiishuke. Sheria hazikubaliani kuhusu dawa hiyo ya kuwafunga wauzaji kwa bei: tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi ya Leegin mwaka 2007, mahakama za shirikisho huko hupima kila mkataba wa bei ya namna hiyo kwa madhara na manufaa yake, ilhali Umoja wa Ulaya unauhesabu kuwa kosa zito. Nawaonea huruma wenye maduka hapa, lakini siwezi kumwita mteja au muuzaji mkosaji. Tiba yake ni kutoza ada ya ushauri au kuiingiza ndani ya bei ya mafunzo ya kupiga mbizi.

Rafu yenyewe inaanzia kwenye uongo na kwenye wajibu uliorukwa. Muuzaji aliyeagiza regulata halisi nje ya mtandao wa wasambazaji walioidhinishwa anaweza kuiuza kihalali katika nchi nyingi, akisema wazi kwamba kiwanda huenda kisiitambue dhamana yake. Akisema dhamana ya kiwanda ipo na haipo, amempotosha mnunuzi.

Kwenye mitungi ya hewa mambo ni mazito zaidi. Mtungi wa kawaida hubeba hewa kwa mgandamizo wa takriban bar 200. Marekani inataka mtungi upimwe kwa mgandamizo wa maji kila baada ya miaka 5, na desturi ya fani inaongeza ukaguzi wa ndani kila mwaka. Mitungi ya zamani ya aloi ya alumini 6351 inajulikana kwa kupasuka nyufa shingoni na inahitaji kipimo cha ziada. Duka linalokataa kujaza mtungi wa aina hiyo bila kipimo linapoteza mauzo. Anayeununua kwa bei ya chuma chakavu na kuuza kama mzima anachukua mauzo yale yale. Vivyo hivyo kwa anayejaza hewa kwa kompresa ambayo haijawahi kupimwa. Kiwango cha Ulaya EN 12021 kinaruhusu kaboni monoksidi isiyozidi sehemu 5 katika milioni. Katika kina cha mita 30 mgandamizo ni mara 4 ya ule wa juu, hivyo sumu inayovumilika nchi kavu humwingia mpiga mbizi kwa nguvu mara 4. Gharama ambayo muuzaji ameikwepa inalipwa na mapafu ya mtu mwingine, na hilo haliwezi kuitwa soko huria.

Maduka nayo hayana kinga. Lile linalomwambia kila mteja kwamba kitu chochote kisichotoka kwao ni bandia, bila kukikagua, limeingia katika aina ya pili ya Mkataba wa Paris.

Malalamiko nayo yana mahali pake. Kukwepa kodi ni kazi ya mamlaka ya kodi. Leseni ni ya serikali ya eneo. Kifaa hatari ni cha mamlaka ya viwango au ya kulinda walaji. Uongo wa kibiashara unaweza kufika mahakamani. Kote huko, kulalamika kwamba fulani anauza rahisi hakutoshi. Kinachosikilizwa ni tangazo lenye ahadi ya dhamana isiyokuwepo, au picha ya bega la mtungi, ambako tarehe ya kipimo cha mwisho hugongwa kwenye chuma.