Kabla hujamlipa mpiga dawa ya kunguni

Wapangaji wa Kaptembwo na Rhonda hapa Nakuru hutuuliza bei ya kupigiwa dawa ya kunguni. Ni afadhali umuulize fundi kwanza: utarudi lini? Jike hutaga yai moja hadi matano kwa siku, mayai huanguliwa baada ya siku 6 hadi 10, na dawa nyingi haziyamalizi. Anayenyunyiza mara moja na kusema kazi imeisha amekuachia kizazi kipya chini ya godoro. Mpatane tangu mwanzo kwamba atarudi baada ya wiki mbili hivi, na salio abaki akilidai mpaka siku hiyo.

Mtazame pia anavyoanza. Anayeijua kazi hushika tochi kabla ya pampu. Ataligeuza godoro, afungue viungo vya kitanda, achungulie mishono ya kochi, soketi na nyuma ya kalenda ukutani, akitafuta madoa meusi, maganda na mayai. Kisha ataulizia majirani. Vyumba vya ploti vinatenganishwa na ukuta mmoja, kwa hiyo kupiga dawa chumba kimoja tu mara nyingi ni kuwapa kunguni nafasi ya kujificha kwa jirani na kurudi. Safu nzima ikaguliwe. Hapo ndipo ugomvi huanza, maana mwenye nyumba husema aliyewaleta ni mpangaji. Lakini kunguni husafiri kwa mabegi na fanicha za mitumba, na hawachagui nyumba chafu.

Muulize atatumia dawa gani. Nyingi za dukani ni piretroidi, kemikali zilizoiga sumu ya pareto, ua ambalo Nakuru imelisindika kwa miaka mingi. Kunguni katika sehemu nyingi duniani wamekuwa sugu kwa kundi hilo, ndiyo maana mtaalamu huchanganya mbinu: mvuke wa moto, dawa ya kundi jingine, vumbi maalumu kwenye nyufa. Leseni yake hutolewa na bodi ya serikali ya dawa za wadudu, PCPB. Usione haya kuitaka.

Jambo moja halina mjadala. Vile vidonge vya kuhifadhia mahindi ghalani visiingie kabisa katika nyumba ya kulala. Hutoa gesi ya fosfini, ambayo hupenya hadi chumba cha jirani na kuua watu. Mtu akipata kichefuchefu, kizunguzungu au kubanwa kifua baada ya dawa kupigwa, kila mtu atoke nje na mgonjwa apelekwe hospitalini mara moja. Mafuta taa na petroli nazo huchoma nyumba.

Kazi yako ni nguo na mashuka: yafue kwa maji ya nyuzi 60. Kuanika godoro juani hakutoshi, joto halifiki ndani. Kuhama kwa wiki chache pia hakusaidii, kwani kunguni mzima huweza kukaa miezi bila damu. Usipige deki kwenye kingo zilizonyunyizwa mpaka fundi arudi, na dawa ikishakauka endelea kulala kitanda kilekile. Ukihamia kochini, watakufuata huko.