Hatimiliki Haikaushi Kinamasi

Mwezi huu pekee, wateja watatu wameniwekea hatimiliki mezani na kusisitiza kwamba, kwa kuwa kiwanja chenye kinamasi ni chao, wana haki ya kukimwagia kifusi na kujenga. Katika kazi yangu ya tathmini ya athari kwa mazingira hapa Nairobi, hakuna dhana inayonichosha kama hii. Hatimiliki hueleza ardhi ni ya nani. Haielezi lipi linaruhusiwa kufanywa juu yake. Ibara ya 66 ya Katiba ya 2010 inaipa Serikali uwezo wa kudhibiti matumizi ya ardhi yoyote kwa ajili ya usalama na afya ya umma, nayo Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999, katika sehemu ya 42, inakataza kujenga ndani ya ardhioevu, kama vile kinamasi, au kuikausha bila idhini ya maandishi inayotolewa baada ya tathmini. Wenye majengo yaliyobomolewa kando ya mito yetu mwaka 2018, Westlands na Kileleshwa, hawakuokolewa na karatasi.

Sheria hiyo haikutungwa kuwasumbua wajenzi. Kinamasi kama Ondiri kule Kikuyu, chimbuko la Mto Nairobi, hupokea maji ya mvua na kuyaachilia polepole. Ukikijaza udongo, maji hayo hayapotei, bali humhamia jirani aliye bondeni, ambaye mara nyingi anaishi katika nyumba ya mabati.

Wengine hudai kwamba kiwanja kikavu si ardhioevu. Sheria inataja pia sehemu zinazofurika kwa msimu, kwa hiyo nawasihi wanunuzi wakitembelee kiwanja mwezi wa Aprili, wamevaa gambuti, kabla ya kulipa hata shilingi ya kwanza, na wawaulize wakazi wa zamani maji hufika wapi. Eneo la hifadhi ya mto, ambalo ni kati ya mita 6 na 30 kila upande kulingana na upana wa mto, hupimwa kwa kuzingatia kiwango cha juu kabisa cha mafuriko kilichorekodiwa, wala si ukingo wa maji ya Januari.

Kisha kuna ahadi ya kupanda miti kama fidia. Katika kushughulikia madhara ya mradi, hatua ya kwanza ni kuyaepuka, ya pili kuyapunguza. Kurejesha kilichoharibiwa ni ya tatu, na fidia huja mwisho; tena mikaratusi iliyopandwa kinamasini hunyonya maji yaleyale tunayotaka kuyalinda. Ripoti ya tathmini nayo huandaliwa kabla ya tingatinga kuingia, ilhali wengi hunipigia simu msingi ukiwa umeshachimbwa.