Chembe sahani za kundi tofauti: msimcheleweshe mgonjwa anayevuja damu

Chembe sahani ni nini?
Ni vipande vidogo sana vya seli vinavyoziba palipochanika mshipa ili damu igande. Mtu mzima mwenye afya huwa nazo 150,000 hadi 450,000 katika kila mikrolita ya damu.

Nazo zina makundi?
Zina antijeni A na B, yaani alama za kundi la damu, ila kidogo kuliko seli nyekundu. Antijeni ya Rh D, ile inayofanya kundi liitwe chanya au hasi, hazina kabisa.

Mgonjwa wetu ni A, zilizopo ni za O. Tumsubiri kaka yake ambaye ni A?
Hapana. Msisubiri. Kila mara nakuta familia imekataa mfuko wa chembe sahani uliopo, inapiga simu huku na kule kumtafuta ndugu wa kundi hilo, na mgonjwa fizi zinamvuja. Kundi likilingana ni bora, maana idadi ya chembe hupanda vizuri zaidi. Lisipolingana, chembe hizo bado zinafanya kazi. Tunachochunga ni majimaji yaliyomo mfukoni: mtoaji wa O ana kingamwili zinazoweza kuvunja seli nyekundu za mtu wa A. Kulipima hilo na kuchagua mfuko ni kazi yetu sisi wa hospitali, si yenu.

Lakini tulifundishwa damu isiyolingana inaua!
Mlifundishwa kweli, kuhusu seli nyekundu. Huko hatuna mchezo. Hizi ni chembe sahani.

Na ndugu huyo akipatikana kesho?
Kesho ni mbali kwa anayevuja damu leo. Mwacheni aje achangie, lakini mfuko uliopo utundikwe sasa.

Ameongezewa mara kadhaa, idadi haipandi. Ni kosa la kundi?
Mara nyingi ni homa, maambukizi au bandama iliyovimba. Wengine mwili umetengeneza kingamwili dhidi ya antijeni za HLA (alama nyingine zilizo juu ya seli, mbali na za kundi la damu), hasa waliowahi kubeba mimba au kuongezewa damu. Tuambieni historia hiyo yote, msituambie nusu.

Akitetemeka wakati anaongezewa?
Muite muuguzi papo hapo, afunge mpira unaopitisha chembe hizo. Chembe sahani hutunzwa kwenye nyuzi 20 hadi 24, joto ambalo bakteria hulipenda. Kuna wanaojifunika blanketi wakanyamaza ili "wasisumbue". Tusumbueni, tafadhali!

Maumivu tumpe aspirini?
Msimpe. Aspirini hulemaza hata hizo chache alizobaki nazo. Ibuprofeni vilevile.

Dalili zipi zitutoe nyumbani?
Damu ya puani isiyokata, vidoa vyekundu visivyopotea ukivibonyeza, kinyesi cheusi kama lami, au kichwa kinachouma ghafla na vikali. Mkiona mojawapo saa nane ya usiku, tokeni saa nane hiyohiyo. Na mkifika mkaambiwa mfuko uliopo ni wa kundi jingine, kubalini mgonjwa autumie.