Silaha za Israel hazikutoka Marekani tangu mwanzo

Wengi huamini Marekani imeipa Israel silaha tangu siku ya kwanza. Sivyo. Kuitambua, Rais Truman wa Marekani aliitambua siku ile ile ilipotangazwa, Mei 14, 1948. Silaha zilikuwa habari nyingine. Tangu Desemba 1947 Washington ilikuwa imezuia silaha kwenda Mashariki ya Kati. Bunduki na ndege za kivita Israel ilizinunua Chekoslovakia, kwa ridhaa ya Moscow. Naam, ya Stalin yule yule, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti. Baadaye ikaja Ufaransa: kinu cha nyuklia cha Dimona kilijengwa kwa msaada wake, na ndege zilizoshambulia viwanja vya ndege vya Misri Juni 1967 zilikuwa za Kifaransa, zikiwemo Mirage. Marekani ikawa muuzaji mkuu baada ya de Gaulle, rais wa Ufaransa, kuzuia mauzo mwaka huo.