Bega Likikaza, Usilifunge kwa Leso

Kliniki ya viungo hapa Mombasa, mgonjwa wa bega huja amechelewa. Mkono umening'inizwa kwa leso shingoni tangu Ramadhani, hakuanguka wala hakuvunjika. Nikimwambia aupandishe, unaishia kifuani. Ushungi anafungwa na bintiye, nguo za kuanika anaanikiwa.

Kukaza kwa kiungo ni nini?
Ni misuli, kano (nyuzi zinazounga misuli na mfupa) na mfuko unaozunguka kiungo kupoteza ulaini wake. Umri huchangia. Kisukari huchangia zaidi, kwa kuwa sukari iliyozidi hushikamana na nyuzi za kolajeni, protini inayojenga kano na mfuko huo, na kuzikakamaza. Kuganda kwa bega, yaani bega kukaza mpaka halipandi, huwapata sana watu wa miaka 40 hadi 60, na wenye kisukari kuliko wengine.

Likiuma, si nilipumzishe mpaka lipone?
Hapana. Punguza kazi nzito siku mbili tatu, basi. Usilifunge, labda uwe umevunjika au bega limeteguka na daktari amekuagiza. Kiungo kisichosogezwa hujikaza zaidi, na misuli yake hunywea. Bega lililoganda laweza kuchukua mwaka mmoja hadi mitatu kulegea.

Lakini nikilisogeza naumia. Si naliharibu?
Hapana, nasema tena. Maumivu madogo yanayotulia kufikia asubuhi yasikutishe. Yakikukesha, punguza, lakini usiache. Simama mbele ya ukuta, pandisha vidole taratibu mpaka unapoweza, weka alama ya chaki. Rudia mara kadhaa kwa siku, na wiki ijayo utazame alama imepanda kiasi gani.

Nikienda kuchuliwa?
Kupakwa mafuta kwa mkono mwepesi hakuna neno. Kuvutwa mkono mpaka ulie, hapana. Na mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma kwenye shavu la mguu, usiuchue kabisa: huenda ni damu iliyoganda, na ikichomoka hukimbilia mapafuni. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mazoezi ya miaka hubadilisha nini?
Mengi, na si yote kwa njia moja. Mishipa mikubwa ya damu hukakamaa kadiri tunavyozeeka, na namba ya juu ya presha ikapanda. Anayetembea kwa kasi mwaka baada ya mwaka, mishipa yake hubaki laini zaidi kuliko ya mwenzake anayeshinda barazani. (Tembe za presha usiziache kwa sababu hiyo, muulize daktari kwanza.) Kano ni kinyume: mazoezi huzifanya ngumu na imara, na ndivyo tunavyotaka, kwani ndizo zinazovuta mfupa. Ila misuli hupata nguvu kwa wiki chache, kano huhitaji miezi. Kijana aliyekaa mwaka mzima kisha akaingia mechi ya ufuoni kwa kishindo, kano ya kisigino haijawa tayari.

Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, na mazoezi ya nguvu siku mbili. Kutembea jioni kando ya bahari, Mama Ngina, kunatosha kuanzia.

Nije lini hospitali?
Leo hii, kama kiungo ni chekundu, kina moto na una homa. Kama umeanguka na mkono haunyanyuki. Au kama maumivu ya bega yameambatana na kifua kubana na jasho. Hilo la mwisho huenda ni dharura ya moyo. Na bega lisilopanda kwa wiki mbili, njoo. Usingoje Idi ipite, tafadhali, na leso iache nyumbani.